Mluzi Tulioufungia Milango

Kiatu changu kilifumuka pembeni nikitoka sokoni, nikakaa kwenye kiti kidogo cha fundi viatu mmoja hapa Tabora mjini, kwenye mtaa wenye maduka ya vitambaa. Fundi alikata uzi, akatoa donge jeusi kwenye kopo, akaupitisha uzi juu yake ili ukaze. Harufu ilinifikia kabla sijaelewa ni ya nini. Ilikuwa nta.

"Dada, na hiki kingine nikiangalie?"

Nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti.

"Dada?"

"Hiyo nta umeipata wapi?"

"Kuna mzee hutuletea kutoka Usinge. Kwani inanuka?"

"Hapana. Inanukia kama nyumbani."

Fundi akacheka. "Basi kwenu kuna nyuki. Nisije nikaenda kuposa huko."

Nilicheka naye ili asione uso wangu. Kisha nilitembea mpaka nyumbani bila kusimama, na tangu siku ile nimekuwa nikiandika haya, kidogo kidogo, kila nikimaliza kazi.

Kwetu ni Usinge. Si pale penye maduka, ni mwisho kabisa, ambako mashamba ya tumbaku yanakoma na miombo inaanza. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho. Nyuma yake palikuwa na bani la kukaushia tumbaku ambalo halikutumika tena, kisha njia ya miguu, kisha gogo la mzinga wa zamani lililolala chini, kisha pori. Ukivuka kipande cha pori ulikuta mbuga, na mbuga wakati wa masika hujaa maji hadi huoni ng'ambo. Watu wazima walisema njia ile ya miguu ilipitiwa na misafara ya wapagazi enzi za biashara ya pembe za ndovu, na kwamba wengi walioanguka hapo hawakuzikwa. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba jua likishainama hatukutumwa kuokota kuni upande ule.

Baba alikuwa mrina asali. Wenzake walilima tumbaku, yeye akasema tumbaku ni mtoto mlizi, haikuachi ulale. Msimu ukifika alichukua shoka na kamba, akaingia porini na mwenzake, Baba Kulwa, wakakaa kambini mpaka ndoo zijae. Alirudi ananuka moshi, asali na nta, na nta ile iliingia hata chini ya kucha. Mama alikuwa akisema, "Huyu mwanaume hata nimchemshe, hatakati."

Kabla ya kumwona tulimsikia. Alikuwa na mluzi wake: sauti mbili fupi za kupanda, kisha moja ndefu ya kushuka, kama mtu anayeuliza jambo halafu anajijibu mwenyewe. Aliupiga akikaribia gogo la mzinga. Bibi, mama yake baba, aliyekuwa akiishi nasi, akiusikia tu aliniambia, "Haya, mke mwenzangu, bandika maji. Mume wetu amefika." Nami nilikimbilia jikoni nikijiona mke kweli.

Tulipomuuliza baba habari za kambini alitikisa kichwa. "Ya porini yanabaki porini," alisema. Hata mama hakuambiwa. Nilidhani ni kwa sababu kule waliona vitu vya kutisha.

Baba Kulwa alikuwa mtu mrefu, mkimya. Mke wake alikuwa amefariki, na mapacha wake, Kulwa na Doto, walilelewa na shangazi yao Kaliua. Hakuwa na watu Usinge isipokuwa sisi. Alikula kwetu mara nyingi, na mbwa wetu hawakumbwekea, walimnusa tu miguu wakarudi kulala.

Msimu mmoja, maji ya mbuga yakiwa bado hayajakauka, Baba Kulwa alirudi peke yake.

Hakupiga mluzi. Tulimwona tu amesimama uani, mdomo umekauka, mkononi ana shoka mbili. Moja ilikuwa ya baba. Mama aliitazama ile shoka kwa muda, kisha akaketi pale pale alipokuwa, juu ya mahindi aliyoanika.

Alieleza mambo machache. Asubuhi ndege mlembe alikuja kambini akipiga kelele, yule ndege anayewaongoza watu kwenye nyuki. Baba alimfuata akiwa mikono mitupu, kuangalia tu mti uko wapi, akaelekea ng'ambo ya mbuga. Hakurudi. Baba Kulwa alimtafuta mpaka chakula kikaisha.

"Ukamwacha," bibi alisema.

"Sikumwacha, mama. Nimekuja kuchukua watu."

Watu walikwenda. Walirudi na matope mpaka kiunoni na hawakuwa na kitu. Walikwenda tena, wakarudi vilevile. Baada ya hapo hawakwenda. Majirani walianza kuja kukaa nasi kama wanavyokaa msibani, lakini bibi aliwakatalia. "Simlilii mtu ambaye sijaona kaburi lake," alisema. Basi hatukulia. Tulibaki hivyo, si wenye msiba, si wasio na msiba, na hakuna aliyejua atusalimie vipi.

Jioni moja mimi, mama na bibi tulikuwa uani tunabangua karanga. Jua lilikuwa limeinama juu ya miti. Nilisikia sauti mbili fupi za kupanda, kisha moja ndefu ya kushuka.

Karanga zilimwagika mapajani mwa mama. Mimi nilikuwa nimeshasimama kwenda kubandika maji. Nilifurahi kiasi kwamba nilitaka kucheka. Nikaona bibi ananitazama, na nilikuwa sijawahi kuuona uso ule.

"Kaa."

"Bibi, ni baba!"

"Kaa, nimesema."

Mluzi ukaja tena. Ulikuwa karibu, kule kwenye gogo. Mama alifungua mdomo, na bibi akamziba kwa kiganja chenye maganda ya karanga.

"Ukiitwa na usiyemwona, usiitike," bibi alisema polepole. "Mtu mzima akiita asiitikiwe, huja mlangoni. Kisichokuja mlangoni si mtu."

Tulingoja. Hakuna aliyekuja mlangoni. Mbwa walikuwa wamelala, hata masikio hawakuinua, na bibi akatuonyesha kwa kidole. "Mnaona? Mbwa hambwekei bwana wake." Tuliingia ndani na jua bado liko juu ya miti, tukafunga mlango na dirisha. Kwenye giza lile la mchana nilimsikia mama anapumua kama mtu anayebeba ndoo.

Kuanzia hapo mluzi ulikuja karibu kila jioni. Majirani nao waliusikia. Saa ile ikifika, upande wetu wote wa kijiji ulinyamaza. Watoto waliitwa, michi ikawekwa chini, milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine kuanzia kwetu kwenda kule kwenye maduka. Ungeweza kusikia makomeo yakienda mbali. Kisha mluzi, kisha kimya, kisha mluzi tena, na baada ya kila mluzi kimya chake kilikuwa kirefu kuliko kawaida, kana kwamba huko nje kuna kitu kinasikiliza.

Mimi sikuogopa walichokiogopa. Nilielewa vingine. Akilini mwangu baba alikuwa amekatazwa kuingia kijijini na watu wa porini, wale wapagazi wasiozikwa, wakamruhusu kufika kwenye gogo tu. Na kama anafika kwenye gogo kila jioni, basi ana njaa.

Nilianza kuiba matobolwa ya mama, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, ambavyo baba alipenda kuvitafuna njiani. Mchana niliviviringisha kwenye jani pana nikavipeleka juu ya gogo. Siku ya pili nilikuta havipo. Chini ya jiwe dogo palikuwa na jani langu, limekunjwa vizuri, ncha imechomekwa ndani, kama baba alivyozoea kukunja majani baada ya kula ili siafu wasifuate utamu. Nilikaa pale chini nikaliweka lile jani shavuni. Sikumwambia mtu. Nilikuwa mtoto asiyesema sana, hakuna aliyeona tofauti.

Kila siku nilipeleka, kila siku nilikuta jani limekunjwa. Isipokuwa mara moja tu. Siku hiyo ilinyesha mvua ya mawe, ya mwisho ya masika, ikapiga tumbaku za watu ikazitoboa kama chujio. Ilipokatika, mluzi ulisikika, lakini haukutoka kwenye gogo. Ulitoka mbali, ng'ambo ya maji, mwembamba, na sauti ile ndefu ya kushuka haikumalizika, ilikatika njiani. Bibi alisema, "Leo amechoka." Tukafunga mlango. Kesho yake nilikuta matobolwa yangu juu ya gogo, yamelowa, hayajaguswa. Nilidhani baba amekasirika kwa sababu niliyapeleka machache.

Kijijini maneno yalikuwa yameshakua. Mzimu hauiti bure, watu walisema. Mtu aliyekufa kifo chake hulala. Anayerudi kila jioni kuna jambo analidai, na nani alirudi na shoka mbili? Baba Kulwa akipita njiani na kusema "Mwadila," salamu yake ilianguka chini. Watu waliangalia pembeni. Kwetu ni tusi kubwa kuliko kupigwa. Kisimani watoto waliimba, "Shoka mbili, mtu mmoja! Shoka mbili, mtu mmoja!" na mvulana mmoja akaniuliza mbele ya wenzake, "Eti baba yako akija anakuja na kichwa?" Nilimmwagia maji. Ndilo jibu pekee nililolijua.

Hata mama alibadilika. Siku moja Baba Kulwa alikuja mlangoni na mwiko wa mti wa mninga aliotuchongea, akabisha hodi. Mama alikuwa ndani na mimi. Hakuitikia. Alisimama nyuma ya mlango, mkono juu ya komeo, mpaka Baba Kulwa alipoondoka. Mwiko aliuacha kizingitini. Bibi aliutia motoni.

Hatimaye wazee wa kitongoji walikubaliana. Jumapili baada ya ibada, Baba Kulwa ataitwa kwa mwenyekiti. Ataonyesha alipomwacha mwenzake, au ataondoka Usinge siku hiyo hiyo. Hayo ndiyo waliyoyasema wazee. Vijana walisema mengine, wakitazama paa lake la nyasi. Kila mtu alishangaa kwa nini hajakimbia. "Ana roho ngumu," mama mmoja alimwambia bibi. "Mimi ningekuwa nimeshafika Kigoma."

Jumamosi mchana nilikuwa njiani kwenda kwenye gogo, jani liko chini ya kanga yangu, niliposhikwa bega.

"Matobolwa yangu yamekuwa yakiisha kama yana miguu," mama alisema. "Kumbe miguu ni yako. Unampelekea nani?"

Alinitikisa.

"Baba."

Hakunipiga. Alilegeza mkono, akalitazama gogo, akatazama jani. "Anakula?"

"Anakula. Anakunja jani."

Nilimpeleka, nikaweka lile jani juu ya gogo, kisha nikamwonyesha majani mengine yote, niliyokuwa nimeyapanga chini ya mzizi. Mama alilishika moja akaligeuza. Nadhani alisahau saa. Tulikaa pale, yeye akayapanga magotini yale majani makavu kama mtu anayepanga nguo za mtoto, na jua likainama bila sisi kujua. Kijiji nyuma yetu kilikuwa kimeanza kufunga milango. Nilisikia makomeo. Mama naye aliyasikia, akanivuta nyuma ya ukuta wa bani.

Nyasi za njiani zilisogea.

Nilikuwa nimengoja kumwona baba siku nyingi, na sasa nilifumba macho. Mluzi ulipigwa hapo hapo, karibu nasi kiasi kwamba nilisikia pumzi inayovutwa kabla yake. Vidole vya mama viliingia mkononi mwangu. Kisha nikamsikia anasema kwa sauti ndogo sana, "Mungu wangu," na nikafumbua.

Alikuwa Baba Kulwa. Alisimama kwenye njia, ametugeuzia mgongo, akitazama upande wa mbuga. Alipiga mluzi wa baba, akainamisha kichwa upande, akangoja. Alingoja sana. Alipiga tena, akangoja. Kisha akaligeukia gogo, akaona jani nililoliweka, akavua kofia kama mtu anayeingia kanisani. Alikula akiwa amesimama. Akalikunja jani, akachomeka ncha, akatafuta jiwe.

Mama alitoka.

"Wewe!"

Baba Kulwa aliangusha jiwe. "Shemeji."

"Usiniite shemeji! Unamwigiza mume wangu? Unatutia wazimu kila siku, tunalala na jua, kumbe ni wewe? Mluzi wa marehemu unaufanya mchezo?"

"Marehemu?" alisema. "Nani kasema ni marehemu?"

"Mluzi ni wake!"

"Ni wake, ndiyo." Alimtazama mama kama mtu asiyeelewa anachoulizwa. "Sasa nipige wa nani? Ndiye ninayemtafuta."

Baba Kulwa aliivaa kofia, akaivua tena.

"Porini hatuitani majina, shemeji. Jina ukilitaja kule, pori linalishika. Kila mtu ana mluzi wake. Ukimtafuta mwenzako unapiga wa kwake, ndilo jina lake. Wa kwako mwenyewe unaupiga unaporudi nyumbani tu, ili wabandike maji."

"Hakuwahi kuniambia."

"Hatusemi. Ya porini..." Hakumaliza. Aliangalia lile jani mkononi. "Lakini mimi nilidhani wewe unajua. Watu wote wameacha kuniitikia. Nilikuwa nimeshafunga mzigo wangu niende Kaliua kwa wanangu. Nikaja hapa kumwita mara ya mwisho, nikakuta chakula juu ya gogo. Nikasema, kumbe yuko mtu mmoja anayejua ninafanya nini hapa. Nikaufungua mzigo. Kama si chakula chako, shemeji, nisingekuwepo."

Mama alinitazama. Nilifungua mdomo niseme, naye akaubana mkono wangu mpaka mifupa ikaniuma.

"Ndiyo," alimwambia. "Ni mimi. Yalikuwa makavu kidogo, unisamehe."

"Yalikuwa mazuri," alisema Baba Kulwa, na uso wake ukakunjamana, akatugeuzia mgongo.

Jumapili uwanja wa mwenyekiti ulijaa. Mama alimshangaza kila mtu: alikwenda kukaa kwenye mkeka upande wa Baba Kulwa, akaniweka katikati yao. Mwenyekiti alipouliza swali lake, mama alisema, "Kabla hajajibu, apige mluzi."

Aliupiga. Mchana kweupe, mbele ya watu wote, na bado wanawake waliinuka na mtoto mmoja akalia. Kisha Baba Kulwa akaeleza kama alivyotueleza kwenye gogo. Palikuwa na minong'ono. Bibi, aliyekuwa amekaa mbele na fimbo yake, ndiye aliyesema.

"Mtu unayemtafuta unampigia mluzi wake. Ni desturi gani hiyo?"

"Mama, mjukuu wako akipotea sokoni, unaita jina lako au lake?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha wengi wakacheka, kile kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi. "Sisi tunafunga milango kumbe ni Baba Kulwa!" mmoja alisema, na mwingine, "Mke wangu amemwaga mboga tatu kwa ajili yako, wewe bwana!" Mwenyekiti naye alitabasamu. Niliona mabega ya Baba Kulwa yakishuka, na nikajua hawatamfukuza.

"Kila jioni ulikuja?" mwenyekiti aliuliza, kwa upole sasa.

"Kila jioni. Isipokuwa siku ya ile mvua ya mawe. Siku hiyo nililala na homa, sikutoka hata uani."

Watu waliendelea kucheka na kuzungumza. Wao waliishi mbali na mbuga, na siku ya mvua ya mawe kila mmoja alikuwa shambani kwake akihesabu hasara. Lakini mimi nilimtazama mama, na mama alikuwa akimtazama bibi. Fimbo ya bibi ilikuwa inachora kitu kisichosomeka juu ya mchanga. Sauti mbili za kupanda, na ile ndefu iliyokatika njiani. *Wa kwako mwenyewe unaupiga unaporudi nyumbani tu.*

Bibi alisimama. Hakueleza sababu. Alisema wanaume wavuke mbuga, leo, sasa hivi, na aliyasema kwa namna ambayo wanaume walikwenda kutafuta mitumbwi.

Walirudi kesho yake. Ng'ambo, mahali palipoinuka, walikuta majivu ya moto mdogo, na kando ya majivu, chini ya jiwe, jani lililokunjwa, ncha imechomekwa ndani. Zaidi ya hapo, hakuna. Hakuna nguo, hakuna mfupa, hakuna nyayo. Jani lenyewe walituletea. Mama alilitazama, akamwuliza Baba Kulwa, "Ni lake?"

"Warina wote hukunja hivyo, shemeji," alisema. Hakuinua macho.

Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu wa Kiingereza aliandika ubaoni kitenzi kimoja, akasema maana yake ni kumpima mtu au jambo ukakosea, ukaona siko ndiko. Akataka kila mmoja atunge sentensi. Wenzangu walikuwa hodari. Mmoja alisema alimpima mbuzi kwa macho akadhani ni mpole. Darasa likacheka. Mwalimu aliponifikia nilisimama, nikanyamaza. "Umelala, wewe wa nyuma?" aliuliza, akapita, akidhani kwamba sikuelewa. Sikuwa nimelala. Nilikuwa na sentensi, ila ilianzia kwenye karanga zilizomwagika na sikujua iishie wapi.

Baba Kulwa hakuhama. Kila jioni alikwenda kwenye gogo, na hakuna aliyefunga mlango tena. Mama alimpelekea chakula mwenyewe, mchana kweupe, kwenye bakuli lenye kifuniko. Hakuwahi kumwambia yale ya kwanza yalikuwa ya nani, nami sikuwahi. Mluzi ukawa kama jogoo wa jioni. Watu waliutumia kujua muda wa kuteka maji.

Kisha Baba Kulwa aliugua kifua, akafa, tukamzika. Mimi nilikuwa msichana mkubwa tayari. Baada ya mazishi tulikaa uani, mama, bibi na mimi, na saa ile ikafika. Jua liliinama juu ya miti. Hakuna mluzi uliopigwa. Sijawahi kuogopa kimya kama nilivyokiogopa kile. Nilitamani mtu afunge milango.

Mama aliweka ungo chini. Alipita nyuma ya bani, tukauona mgongo wake mpaka kwenye gogo. Kwetu mwanamke hapigi mluzi, na yeye hakuwahi hata kujaribu. Kwanza ulitoka upepo mtupu. Tena upepo. Kisha sauti moja ya kupanda, imepinda, halafu ya pili.

Bibi alikuwa hasikii vizuri tena, lakini huo aliusikia. Alitafuta mkono wangu akaupata.

"Mke mwenzangu," alisema, "bandika maji kwanza. Halafu nenda ukamsaidie mama yako. Hiyo ndefu haiwezi."

Nilibandika maji. Nilikwenda nikasimama kando ya mama, tukapiga, kisha tukainamisha vichwa upande wa mbuga, tukangoja.